Mwana wa Mvita Mlimani Makerere: Profesa Ali Mazrui, 1963–1973

Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza wanapofika kwenye mada ya Kiswahili na siasa katika Afrika Mashariki, jina wanalokutana nalo mapema katika orodha ya vitabu ni Mazrui. Wengi hudhani ni mtu mmoja. Kumbe ni wawili, Ali A. Mazrui na Alamin M. Mazrui, wa ukoo mmoja, ambao mwaka 1995 walichapisha kwa pamoja kitabu kuhusu Kiswahili, dola na jamii. Siku moja mwanafunzi aliniuliza darasani: huyu Profesa Ali alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa chuo gani? Nikamjibu kwamba hakuwa mwalimu wa Kiswahili hata kidogo. Alikuwa profesa wa sayansi ya siasa, na kazi yake ya ualimu aliianza hapa hapa Uganda. Darasa likanyamaza kidogo, kisha minong'ono ikaanza. Hawakuwa wakijua. Ndiyo maana nimeona niandike makala haya.

Sikusudii kusimulia maisha yake yote. Yaliyotokea baada ya yeye kwenda Marekani yameandikwa sana, na mwenyewe aliyaandika kuliko mtu mwingine yeyote. Ninachotaka kutazama ni ile miaka kumi ya Makerere, alipokuwa mkuu wa idara na baadaye mkuu wa kitivo. Katika miaka hiyo kuna swali lililopimwa kwa vitendo hapa nchini: je, mwalimu wa siasa anaweza kubishana na watawala hadharani, huku akila mshahara wa chuo cha umma, na bado akabaki kazini?

Kijana aliyekataliwa

Ali Al-Amin Mazrui alizaliwa Mombasa tarehe 24 Februari 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa pwani, na kuanzia mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Wanaosoma historia ya uandishi wa habari wa Kiswahili wanamjua kwa sababu nyingine: ndiye aliyeanzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, magazeti madogo yaliyowahimiza Waislamu wa pwani wajielimishe na waache kulala. Yalikuwa magazeti ya kubishana. Sheikh alitaka mwanawe asome Al-Azhar kule Misri arudi kuwa mtu wa sheria kama yeye. Lakini alifariki mwaka 1947, Ali akiwa na miaka 14, na njia ya Kairo ikafungika.

Kijana akafanya mtihani wa Cambridge na kupata daraja la tatu. Akaomba nafasi Makerere, akakataliwa. Jambo hili hakulificha. Alilisimulia mara nyingi hadi uzeeni, na kwa ladha fulani ya kulipiza kisasi kwa upole, kwa sababu chuo kilichomkataa kuwa mwanafunzi ndicho kilichokuja kumfanya profesa. Kwa miaka kadhaa alikuwa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Katika sherehe ya Maulidi iliyofanyika hapo alipewa nafasi ya kuzungumza mbele ya Gavana Sir Philip Mitchell. Gavana akapendezwa na mazungumzo ya karani huyu, na kutokana na hapo ikapatikana njia ya kwenda kusoma Uingereza.

Msomaji wa Uganda huenda amelitambua jina la Mitchell. Kabla ya kupelekwa Kenya alikuwa Gavana wa Uganda, kuanzia 1935 hadi 1940, na ni mmoja wa waliosukuma Makerere itoke kwenye hali ya shule ya ufundi iwe chuo cha elimu ya juu. Bweni la Mitchell Hall limechukua jina lake. Kwa hiyo chuo alichokisimamia Mitchell kilimfungia mlango kijana wa Mombasa, na Mitchell huyo huyo akasaidia kumfungulia mwingine.

Mwaka 1955 Mazrui alikwenda Huddersfield kumalizia masomo ya sekondari. Alikuwa na miaka 22, umri ambao wengine huwa wameshahitimu. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio: shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia kule New York mwaka 1961, kisha Chuo cha Nuffield, Oxford, kwa utafiti wa shahada ya uzamivu.

Profesa kabla ya shahada ya uzamivu

Alifika Makerere mwaka 1963 kama mhadhiri. Wakati ule Makerere haikuwa chuo kikuu kinachojitegemea. Pamoja na Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichozinduliwa Juni mwaka huo huo, na Mkuu wa Chuo, yaani Chansela, alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Naomba msomaji aliweke jambo hilo akilini, maana nitalirudia.

Sisi wa Kiswahili tuna la kutazama hapa pembeni. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ile iliyosimamia usanifishaji, ilikuwa na makao yake Makerere kuanzia mwaka 1952. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaondoka Kampala na kuhamia Mombasa, kabla ya kufikia Dar es Salaam ilikogeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Lugha ilikuwa inashuka kwenda Mombasa wakati mwana wa Mombasa anapanda kuja Kampala. Alipofika, alifundisha kwa Kiingereza, aliandika kwa Kiingereza, na umaarufu wake wote aliupata kwa Kiingereza. Simlaumu. Chuo kilikuwa hivyo, na wanafunzi wake wengi wa Uganda wasingemwelewa kwa Kiswahili.

Uprofesa wa siasa ulikuwa umeshikwa na Mwingereza, Colin Leys, aliyekuwa ametokea Chuo cha Kivukoni, Dar es Salaam. Mwaka 1965 Mazrui aliteuliwa kuwa profesa na mkuu wa idara. Alikuwa na miaka 32. Alitoka uhadhiri wa kawaida hadi uprofesa kwa hatua moja, na Oxford haikuwa bado imemtunuku shahada yake ya uzamivu; hiyo aliipata mwaka 1966. Leo, ambapo mhadhiri hukaa miaka mingi akihesabu machapisho ili apandishwe cheo, jambo kama hilo haliwezekani. Lakini ile ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Vyuo vilitaka Waafrika kwenye viti vya mbele, na waliokuwa tayari walikuwa wachache. Bahati ilikuwepo, hatuwezi kuikana. Ila mwaka 1967 pekee alichapisha vitabu vitatu, kimojawapo kikiwa Towards a Pax Africana kilichotokana na utafiti wake wa Oxford, na waliokuwa wakinong'ona kwamba kijana amependelewa wakakosa la kusema. Mwaka huo huo akawa Mkuu wa Kitivo cha Sayansi ya Jamii hadi 1969.

Mwezi Agosti 1966 alitoa mhadhara wake wa uprofesa, na mada aliyoichagua ilikuwa Ugiriki ya kale katika fikra za kisiasa za Afrika. Uganda ilikuwa imetoka kwenye msukosuko wa Mei, jeshi la serikali lilipoivamia Lubiri na Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza. Buganda ilikuwa chini ya hali ya hatari. Mtu angeweza kusema profesa amekimbilia kwa Wagiriki ili asizungumzie ya karibu. Mimi sioni hivyo, kwa sababu miezi michache kabla alikuwa ameshawasha moto mwingine.

Majibizano

Mwaka 1961 kijana wa Kampala mwenye asili ya Kihindi, Rajat Neogy, alianzisha jarida liitwalo Transition. Katika miaka michache likawa jukwaa la waandishi wa Afrika nzima. Mazrui alikuwa miongoni mwa wahariri wake washiriki, na humo ndimo alimochapisha makala yaliyomtangaza zaidi kuliko vitabu vyake.

Kwame Nkrumah alipinduliwa tarehe 24 Februari 1966, siku ambayo Mazrui alikuwa anatimiza miaka 33. Muda si mrefu akachapisha makala akimfananisha Nkrumah na watawala wawili wa Urusi kwa mpigo, Lenin na mfalme wa kale wa nchi hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba Nkrumah alikuwa Mwafrika mkubwa lakini hakuwa Mghana mkubwa: aliitumikia ndoto ya umoja wa bara vizuri kuliko alivyowatumikia watu wa nchi yake. Barua za hasira zilimiminika kwa mhariri. Kwa vijana wa wakati ule Nkrumah alikuwa karibu na mtume, na hapa yuko profesa wa Makerere anamkosoa wakati ameanguka na hawezi kujijibu.

Mwaka 1967 ikawa zamu ya Tanzania. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari, na wasomi kutoka nje walikuwa wanamiminika Dar es Salaam. Mazrui akabuni neno, Tanzaphilia, kwa maana ya ugonjwa wa kuipenda Tanzania kupita kiasi, akasema wasomi wa Magharibi ndio wameambukizwa zaidi. Wanaisamehe Tanzania, alisema, mambo ambayo nchi nyingine ikiyafanya wanaikemea. Katika makala hayo hayo alimsifu Nyerere kuwa miongoni mwa viongozi wenye fikra asilia kabisa katika Afrika inayotumia Kiingereza. Sasa turudi kwenye jambo nililoomba liwekwe akilini: Nyerere alikuwa Chansela wake. Profesa alimchambua mkuu wa chuo chake kwa maandishi, na akaendelea na kazi yake. Nyerere hakumfukuza. Kwa maoni yangu hili linasema jambo kuhusu Mazrui, na linasema jambo kubwa zaidi kuhusu Nyerere.

Wataalamu wa sayansi ya siasa hueleza tabia hii ya Mazrui kwa kutaja uliberali aliousoma Uingereza. Mimi mwalimu wa fasihi ya Kiswahili naona pia kitu kingine. Katika mji aliozaliwa, kubishana hadharani kwa maneno yaliyosukwa vizuri ni sanaa ya zamani. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliishi Mombasa chini ya utawala wa Wamazrui, na tungo zake za siasa zilikuwa silaha dhidi ya Lamu na dhidi ya Sayyid Said wa Oman na Unguja, aliyeuondoa utawala huo mwaka 1837. Wanafunzi wetu wanazisoma tungo hizo katika kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha mwaka 1979. Anayejua majibizano ya Mvita hatashangaa kwamba Profesa Mazrui alipenda vitendawili, mizani ya maneno, na majina mapya ya kubuni. Hatashangaa pia kwamba kwake kupingwa hakukuwa kutukanwa: shairi hujibiwa kwa shairi. Sina ushahidi kwamba yeye mwenyewe alilitazama hivyo alipokuwa anaandika Transition. Ni usomaji wangu tu, na wenzangu wa idara ya siasa wanaweza kunikosoa.

Mfano ulio wazi wa majibizano hayo ni wa mwaka 1969, Mazrui alipokutana katika ukumbi wa jiji wa Kampala na Akena Adoko, mkuu wa idara ya ujasusi ya Rais Obote, wakajadiliana mbele ya watu juu ya nafasi ya msomi katika mapinduzi ya Afrika. Hebu msomaji afikirie. Mkuu wa majasusi, mtu ambaye jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini, anapanda jukwaani kushindana kwa hoja na mwalimu wa chuo. Leo ni nchi ngapi za bara letu zingeruhusu jambo hilo? Wapo wanaosema ule ulikuwa mchezo wa kuigiza, kwamba serikali ilitaka kuonekana inavumilia. Inawezekana. Hata hivyo waliohudhuria walisikia pande zote mbili, na hilo peke yake lilikuwa somo la siasa lisiloweza kupatikana darasani.

Mwaka uliofuata, 1970, mpinzani alitoka upande mwingine. Walter Rodney wa Guyana, aliyekuwa akifundisha historia Dar es Salaam, alikuja Makerere kujadiliana na Mazrui. Rodney alikuwa bado hajafikia miaka 30, mjamaa wa Kimarx aliyeamini kwamba ubeberu ndio mzizi wa umaskini wa Afrika na kwamba msomi asiyechukua upande ameshachukua upande wa mabeberu. Mazrui hakuukubali Umarx, ingawa alikubali kwamba ukoloni haujatoka. Vijana wengi walimwona Mazrui kama mtu wa wastani mno, anayepima kila kitu mizani mbili mpaka haijulikani anapigania nini. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Ukiyasoma maandishi yake ya miaka ile unamkuta mara nyingi akisimama katikati na kufurahia mandhari. Lakini ni yeye, mkuu wa idara ya chuo mwenyeji, aliyekubali kushindana na mpinzani hodari mbele ya wanafunzi wake mwenyewe. Wakuu wa idara wengi ninaowajua wangetafuta safari siku hiyo.

Mambo yalipobadilika

Nimeeleza hadi sasa kana kwamba watawala walikuwa wakijibu hoja kwa hoja. Haikuwa hivyo daima. Oktoba 1968 Rajat Neogy alikamatwa na kuwekwa kizuizini kwa kutumia kanuni za hali ya hatari, pamoja na Abu Mayanja, mwanasheria na mbunge, ambaye Transition ilikuwa imechapisha maandishi yake ya kuikosoa katiba mpya ya 1967 na ucheleweshaji wa kuteua majaji Waafrika. Neogy aliachiwa Machi 1969. Mayanja alishtakiwa kwa uchochezi, mahakama ikamwona hana hatia, lakini hakuachiwa. Alirudishwa kizuizini hadi 1970. Jarida halikuweza tena kukaa Kampala na baadaye likahamia Ghana.

Mazrui alipinga kukamatwa kwa wenzake hao, na alipinga hadharani. Yeye mwenyewe hakukamatwa. Kwa nini? Huenda jina lake nje ya nchi lilimkinga. Huenda pia uraia wake wa Kenya ulifanya rahisi kumwacha, kwa kuwa mgeni anaweza kufukuzwa wakati wowote. Mdahalo na Adoko ulifanyika baada ya hapo, kwa hiyo tusiuone kama siku ya furaha tupu: watu walioketi ukumbini walijua nani ametoka kizuizini na nani bado yumo.

Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na Makerere ikawa chuo kikuu cha taifa, Rais wa nchi akiwa Chansela na Frank Kalimuzo akiwa Makamu wa Chansela. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote. Kampala ilishangilia, na hata wasomi wengi walipumua wakidhani mabaya yamepita. Amin, ambaye elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo sana, akawa Chansela wa Makerere. Mwaka 1971 huo huo Mazrui alichapisha riwaya yake ya pekee, kuhusu mshairi wa Nigeria Christopher Okigbo aliyeuawa mwaka 1967 akipigania Biafra. Ndani yake mshairi anashtakiwa huko ahera kwa kosa la kuiacha sanaa na kushika bunduki. Ni riwaya nzito kidogo kwa hoja, wahusika wake huzungumza kama wako semina. Lakini swali lake, msomi afanye nini nchi inapowaka, halikuwa la Nigeria peke yake.

Mwaka 1972 jibu lilianza kutolewa na wengine. Agosti Amin aliwafukuza Waasia. Septemba, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa na askari kutoka Mahakama Kuu, mchana kweupe, akauawa. Oktoba wakamchukua Kalimuzo, Makamu wa Chansela, na hakuonekana tena. Chuo kilichokuwa na mazoea ya kujibizana na mkuu wa ujasusi kwenye jukwaa sasa hakikuweza hata kuuliza mkuu wake yuko wapi.

Mwaka 1973 Mazrui aliiacha Makerere moja kwa moja. Mwaka huo huo Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda, baada ya wajumbe wa wilaya kutoa maoni yao na wengi kukipendelea kuliko Luganda. Watu wa fani yetu huwa tunaitaja amri hiyo kama ushindi. Ilikuwa ushindi uliotuletea hasara ya miaka mingi. Mganda aliyesikia Kiswahili kwenye kizuizi cha barabarani usiku, kikitoka kinywani mwa askari anayedai kitambulisho, hakuisahau sauti ile, na aliwasimulia watoto wake. Mtu pekee katika chuo kikuu chetu ambaye angeweza kusimama na kusema, kwa Kiswahili cha nyumbani kwake, kwamba lugha hii ni ya washairi na wanazuoni na wafanyabiashara kabla ya kuwa ya kambi ya jeshi, alikuwa ameshapakia vitabu vyake.

Alilichambua jeshi hilo akiwa mbali, katika kitabu cha 1975 kuhusu askari na ukabila Uganda. Kuna Waganda waliomlaumu kwa namna alivyoendelea kumwelezea Amin: kwamba nje ya nchi, kwa watu weusi waliochoshwa na dharau ya wazungu, alionekana shujaa, na nyumbani alikuwa mwovu. Kwa mtaalamu wa uhusiano wa kimataifa hilo ni jambo la kweli linalohitaji kuelezwa. Kwa mjane ni maneno magumu kuyasikia. Nadhani hapa mazoea yake ya kupima mizani mbili yalimponza.

Miaka thelathini nje

Ya Marekani nitayapita haraka. Alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Michigan kuanzia 1974 hadi 1991, na huko aliongoza pia kituo cha masomo ya Waafrika na Wamarekani weusi. Mwaka 1979 alitoa Mihadhara ya Reith ya BBC. Mwaka 1986 vipindi vyake tisa vya televisheni kuhusu urithi wa aina tatu wa Afrika, yaani wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi, vilionyeshwa Uingereza na Marekani na kuzua ubishi mkubwa, hadi taasisi ya serikali ya Marekani iliyochangia gharama ikataka jina lake liondolewe. Kutoka hapo akahamia Binghamton, katika jimbo la New York, alikoanzisha taasisi ya masomo ya tamaduni za dunia. Kwa kipindi fulani cha miaka ya 1980 aligawa muda wake na Chuo Kikuu cha Jos, Nigeria. Afrika Magharibi ilimpa dawati. Vyuo vya nyumbani kwake Kenya havikumpa kazi ya kufundisha katika miaka yake yote ya umaarufu.

Kisha ukaja mwaka 2003. Nchini Kenya Rais Mwai Kibaki, aliyekuwa ameingia madarakani Desemba 2002, aliacha desturi ya rais kuwa Chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma, na akamteua Mazrui kuwa Chansela wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, pale Juja. Mwaka huo huo hapa Uganda, kwa sheria ya vyuo ya 2001, Rais naye aliacha kuwa Chansela wa Makerere, na nafasi ikaenda kwa Profesa Apolo Nsibambi. Nsibambi alikuwa mwanasayansi ya siasa, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ile ile ya Makerere na mkuu wa kitivo kile kile. Kwa hiyo katika mwaka mmoja watu wawili waliokalia kiti kimoja cha idara walichukua, kila mmoja kwao, nafasi iliyokuwa ya marais.

Njia zao zilikuwa tofauti sana. Nsibambi alibaki nchini, akaingia serikalini mwaka 1996, akawa Waziri Mkuu kuanzia 1999 hadi 2011, na alipokuwa Chansela alikuwa bado Waziri Mkuu. Mtu anaweza kuuliza kama kweli chuo kilikuwa kimetenganishwa na serikali. Mazrui alibaki nje ya serikali maisha yake yote, na uchansela wake aliuendesha akiwa bado anaishi na kufundisha Marekani. Ni nani kati yao aliyekitumikia chuo zaidi? Mimi ningependa kumsikia mwanafunzi akilijadili swali hili, maana jibu si rahisi kama linavyoonekana. Aliyebaki alikuwa karibu na maamuzi, akilipa gharama ya ukaribu huo. Aliyeondoka alikuwa huru kusema, lakini aliyemsikiliza alikuwa mwanafunzi wa New York.

Profesa Mazrui alifariki Marekani Oktoba 2014, akiwa na miaka 81. Alirudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta mada ya tasnifu nina ombi. Waliosoma Makerere kati ya 1963 na 1973 bado wapo, wengine hapa hapa Kampala, wengine vijijini kwao, na si vijana tena. Baadhi yao walikuwemo ukumbini siku ya Adoko na siku ya Rodney. Kumbukumbu zao za midahalo hiyo hazijakusanywa kwa Kiswahili. Atakayekuwa tayari kuanza kazi hiyo likizo ijayo aje ofisini, kinasa sauti cha idara kipo.